Jazi ya Chuo Kikuu: Kinachosomwa, Anayekisomesha na Yanayosemwa Barazani

Kijana wa Kikwajuni, Unguja, akisema anakwenda kusomea udaktari, wazee humwombea dua. Akisema anakwenda chuo kikuu kusomea jazi, baraza nzima hugeuka kumtazama. Yupo atakayeuliza kama ni jazi ile ya Morogoro na Tabora. Yupo atakayesema jazi ni kupiga unavyotaka, sasa hapo mtu anasomeshwa nini? Na yupo, mara nyingi mpigaji hodari mwenyewe, atakayefunga mjadala kwa kusema muziki hausomwi: ama unao, ama huna.

Mabishano haya huamka kila ifikapo 30 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Jazi iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011, na kila inaposikika kuwa kijana wetu amepata nafasi ya kusomea muziki ng'ambo. Wanaobisha hawapotei moja kwa moja, kila mmoja ana kipande cha ukweli. Kinachowachanganya ni kwamba jazi hutajwa kwa mambo matatu yasiyofanana: aina fulani ya muziki, namna fulani ya kupiga, na siku hizi masomo yenye mtaala, mitihani na joho la mahafali.

Kwanza muziki wenyewe. Jazi ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi, hasa katika mji wa bandari wa New Orleans, kwenye miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Ndani yake mna blues, yaani nyimbo zao za majonzi, mna nyimbo za kanisani, mna mapigo yaliyovuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani kutoka Afrika, na mna matarumbeta ya bendi za gwaride. Hilo la mwisho halitamshangaza mtu wa Unguja aliyewahi kuona beni ikipita mtaani siku ya harusi; huku nako matarumbeta ya askari yalitoka kambini yakaingia ngomani. Sahani ya kwanza ya jazi ilirekodiwa mwaka 1917, na baada ya hapo muziki huo ukatembea duniani kwa kasi kuliko wapigaji wake.

Jina lake lilitembea kwa kasi zaidi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz iliyoanza mwaka 1964, Atomic na Jamhuri za Tanga, na kule Kongo OK Jazz ya Franco iliyoanza mwaka 1956, zote zilikuwa bendi za dansi. Zilipiga rumba na chacha, magitaa yakiongoza, watu wakicheza wawili wawili. Jina la jazz lilichukuliwa kwa sababu lilikuwa na sura ya mjini, saksafoni na suti. Kwa hiyo mzee anayesema ujanani kwake alicheza jazi hadanganyi, ila anachokikumbuka sicho kinachosomeshwa chuoni.

Na la kuchekesha ni kwamba Wamarekani wenyewe walikwenda kinyumenyume. Shahada ya kwanza ya jazi ilianzishwa mwaka 1947 katika chuo cha ualimu cha North Texas, mjini Denton, lakini kwenye karatasi iliandikwa kuwa ni ya muziki wa dansi. Jazi ilihusishwa na vilabu vya pombe, na chuo cha kusomeshea walimu hakikutaka kuonekana kinaingiza vilabu darasani. Huku dansi ilijiita jazi ipate heshima. Kule jazi ilijiita dansi isifukuzwe.

Tuje kwenye namna ya kupiga, maana hapa ndipo penye upotofu mkubwa. Uti wa mgongo wa jazi ni kubuni papo hapo. Wapigaji hucheza wimbo unaojulikana mara moja, kisha kila mmoja kwa zamu hutunga mahadhi mapya juu yake, hapo hapo, mbele ya watu, na mwisho wote hurudi kwenye wimbo. Msikilizaji anayesikia kwa mara ya kwanza huona fujo, akahitimisha kwamba kila mtu anafanya lake.

Mfikirie malenga anayemjibu mwenzake papo hapo kwenye malumbano. Maneno anayabuni wakati ule ule, hakuyaandika nyumbani. Lakini hawezi kusema lolote: mizani ni 16 kwa kila mshororo, vina vya kati vilingane, vya mwisho navyo vilingane, na hoja lazima ijibu hoja. Akipunguza mizani mbili tu, wasikilizaji wanaguna. Uhodari wake unaonekana kwa sababu ya masharti hayo, na asiyeyajua masharti hawezi hata kuingia ulingoni.

Masharti ya mpigaji jazi ni ya sauti na wakati. Chukua blues ya kawaida. Ina vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo 4. Vipimo vinne vya mwanzo vinakaa kwenye fungu la sauti (sauti kadhaa zinazolia pamoja) la nyumbani, ambalo wanamuziki huliita la 1. Viwili vinahamia fungu la 4, viwili vinarudi la 1. Kisha kimoja kinakwenda la 5, kimoja la 4, na viwili vya kumalizia vinarudi nyumbani. Mzunguko ukiisha unaanza tena, na mwenye besi na mwenye dramu hawauachi hata kama paa linavuja. Anayebuni lazima ajue kila sekunde yuko kipimo cha ngapi, bila kuhesabu kwa mdomo. Kosa la aibu kwenye jazi ni kupotea kwenye mzunguko, kwamba wenzako wamefika kipimo cha 9 na wewe uko cha 7. Noti moja mbaya husamehewa, na mpigaji mjanja huigeuza ikaonekana aliitaka.

Wapigaji wetu wa taarab wanaijua habari hii. Katika taarab ya asili mpigaji wa kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopakatwa), udi au fidla hupewa nafasi ya taksimu: hubuni peke yake, mara nyingi kabla ya wimbo kuanza. Hana mapigo ya kumbana, lakini ana maqamu, yaani njia ya sauti inayomwelekeza aanzie wapi, atue wapi, apande vipi na arudi vipi. Akitoka kwenye maqamu bila ya kujua njia ya kurudi, wazee waliokaa mbele wanatazamana. Kwenye kidumbaki, muziki wa kuchezwa harusini, mambo hugeuka: sanduku, yaani besi ya boksi, na vidumbaki, yaani ngoma ndogo, vinakimbia, na mwenye fidla lazima abuni ndani ya mbio hizo. Ukichanganya nidhamu ya taksimu na ya kidumbaki, umeshakaribia sana anachokifanya mpigaji jazi. Kinachobaki ni mpangilio wa mafungu ya sauti yanayobadilika chini yake, na hicho ndicho kinachowasumbua wengi.

Basi kinasomeshwaje?

Aliyesema muziki hausomwi yuko sahihi kwa kiasi hiki: kwa miongo kadhaa wapigaji jazi walijifunza kwa sahani za santuri na kwa kukaa karibu na wakubwa wao usiku. Kilichofanywa na vyuo ni kuichukua njia ile ile na kuipangia ratiba. Zoezi kuu la masomo ya jazi ni kunakili kwa sikio. Mwanafunzi hupewa, tuseme, dakika moja ya saksafoni ya mpigaji aliyekwisha kufariki. Huisikiliza mpaka aweze kuiimba yote kwa mdomo, bila chombo mkononi. Akishaimba, huihamishia kwenye chombo chake kwa pumzi zile zile na uzito ule ule, na palipochelewa achelewe. Ndipo huiandika kwa nota. Kisha huiondoa kwenye ufunguo wake wa asili, yaani sauti ya nyumbani iliyojengewa, na kuipiga kwenye funguo zote 12. Mwisho huambiwa achukue kipande kidogo cha mahadhi hayo na akijenge upya mpaka kisitambulikane kilikotoka. Dakika moja ya muziki inaweza kula wiki nzima, na katika miaka minne mwanafunzi mzuri hupitia dakika nyingi za watu wengi. Ukitaka kujua kama chuo kinasomesha jazi kweli au kinauza cheti, ulizia zoezi hili kwanza.

Pembeni yake yapo masomo mengine. Kuna somo la chombo, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Kuna somo la sikio: unapigiwa fungu la sauti, unatakiwa ulitaje. Kuna piano kwa kila mtu, hata mpiga dramu, kwa sababu piano inaonyesha waziwazi jinsi sauti zinavyopangana. Kuna nadharia, kupanga muziki kwa ajili ya bendi, na historia.

Halafu bendi. Bila bendi hakuna masomo ya jazi, kuna mihadhara tu juu ya jazi. Bendi ndogo huwa na watu wanne hadi sita na hufundisha kusikilizana. Bendi kubwa kwa kawaida ina watu 17 hivi: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, piano, gitaa, besi na dramu, na hufundisha kusoma nota na kupumua kwa pamoja. Kule North Texas bendi zilipewa majina kwa saa ya mazoezi, na iliyo bora huitwa Bendi ya Saa Moja. Kwa hesabu yetu ni saa saba mchana, saa ambayo Mji Mkongwe mzima unafikiria chakula.

Swali ambalo watu huliuliza kwa kejeli, lakini ni zuri, ni hili: mtihani wa kubuni unasahihishwaje? Kama kila mtu anatunga lake, jibu sahihi liko wapi? Walimu watatu au wanne hukaa, mwanafunzi hupiga na bendi, nao hutazama mambo yanayosikika. Je, ameshika mzunguko mpaka mwisho? Sauti ya chombo ni safi? Noti zake zinakubaliana na mafungu yanayopita, na zinapokataa, zinakataa kwa makusudi? Amewasikiliza wenzake, au amepiga kama yuko peke yake chumbani? Amejenga kitu kutoka mwanzo hadi mwisho, au ameshindilia alichokariri? Ladha ya mwalimu haiwezi kuondoka kabisa, ndiyo maana hawasahihishi peke yao. Anayesahihisha insha ana shida hiyo hiyo na hatumwambii aache.

Hadi hapa nimeeleza darasa. Lakini darasa halijitokezei. Nyuma ya karibu kila programu ya jazi ya chuo kikuu kuna mwalimu mmoja aliyekuwa king'ang'anizi, na sehemu kubwa ya kazi yake haihusu muziki hata kidogo.

Gene Hall, aliyeanzisha ile ya North Texas, alikuwa mpigaji wa bendi za dansi aliyesoma chuo hicho hicho. Mwaka 1944 tasnifu yake ya shahada ya pili haikuwa juu ya sauti wala mitindo. Ilikuwa juu ya namna ya kupanga mtaala wa muziki wa dansi katika ngazi ya chuo. Yaani kabla ya kuomba chumba aliandika ratiba. Mkuu wa skuli ya muziki wakati huo, Wilfred Bain, ndiye aliyemwita mwaka 1947 aje aifanye kweli. Bain mwenyewe akahamia Chuo Kikuu cha Indiana mwaka huo huo, na huko, karibu miaka 20 baadaye, alimwajiri mtu mwengine wa aina hiyo: David Baker.

Habari ya Baker inafaa kusimuliwa taratibu. Alikuwa mpiga tromboni wa kiwango cha juu. Ajali ya gari ya mwaka 1953 ikamuumiza taya, na tromboni ni chombo cha midomo na taya. Alijaribu kuendelea, mwishowe akalazimika kukiacha, akaanza upya na chelo, chombo ambacho kwenye jazi kilikuwa hakina njia iliyokanyagwa. Nadhani mtu aliyelazimika kujifunza upya akiwa mkubwa huwa mwalimu wa namna yake, kwa sababu anakumbuka kila ngazi. Alianza kufundisha Indiana mwaka 1966, shahada ya jazi ikapitishwa mwaka 1968, na akabaki kuongoza idara hiyo hadi mwaka 2013. Alipoanza vitabu vya kufundishia vilikuwa haba, kwa hiyo akaviandika yeye, kimoja baada ya kimoja. Hapo ndipo lilipojibiwa lile la kwamba jazi haifundishiki: mtu alikaa akagawa ujuzi wa wakubwa wake katika hatua ambazo kijana wa miaka 18 anaweza kuzipanda.

Barani Afrika mfano mkubwa uko Durban. Darius Brubeck, mpiga piano Mmarekani na mtoto wa Dave Brubeck, mpiga piano mashuhuri wa jazi, alifika Chuo Kikuu cha Natal mwaka 1983 na kuanzisha masomo ya kwanza ya shahada ya jazi katika chuo kikuu cha Afrika. Angalia mwaka. Afrika Kusini ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi, na sheria zilipanga nani asome wapi na alale wapi. Miongoni mwa wapigaji hodari Weusi walikuwemo ambao skuli hawakuimaliza. Zim Ngqawana, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga saksafoni wakubwa wa nchi hiyo, aliacha skuli kabla ya kutimiza sifa za kuingia chuo kikuu. Chuo kinachosoma fomu tu kingemrudisha mlangoni. Kinachosikiliza kingemwingiza, na ndivyo ilivyokuwa: alianzia Chuo Kikuu cha Rhodes, kisha akaja Natal kusomea stashahada ya jazi.

Kwa hiyo kazi ya Brubeck ilikuwa nusu piano na nusu milango: sifa za kuingilia, ada, pa kulala, ruhusa, safari. Mkewe Catherine, mzaliwa wa Afrika Kusini, alibeba sehemu kubwa ya mambo ya fedha na mipango, jambo ambalo historia za muziki hupenda kulisahau. Mwaka 1988 wanafunzi wake, wa rangi mbalimbali, walikwenda kupiga Marekani kwa jina la The Jazzanians. Mwaka 1989 kituo cha jazi kikafunguliwa rasmi chuoni. Na mmoja wa wanafunzi hao, mpiga tarumbeta Johnny Mekoa, aliyekuwa amepita miaka 40, alikwenda baadaye kuchukua shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Indiana, kule kule kwa Baker. Aliporudi, mwaka 1994, alianzisha skuli ya muziki ya vijana kwenye kitongoji cha Daveyton, karibu na Johannesburg. Ukimuuliza mtu wa Daveyton shahada ya jazi ina faida gani, atakuonyesha jengo.

Sasa turudi Zanzibar. Hapa tunacho Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanza mwaka 2002 katika jengo la Forodha Kongwe pale Mizingani. Si chuo kikuu, lakini kimefanya kazi ambayo vyuo vikuu vingi havikuifanya: kimemweka mzee wa kanuni na kijana wa saksafoni kwenye ukumbi mmoja. Kundi la Siti and the Band limetokana na wanafunzi wake, na TaraJazz kwa jina lake tu inakwambia inachokitafuta. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza hadharani kuwa kiko karibu kufunga kwa kukosa fedha. Bara ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimesomesha sanaa za maonyesho na muziki kwa miongo.

Tuseme basi ametokea profesa anayetaka kuanzisha shahada ya jazi Unguja. Atakutana na nini?

Kwanza karatasi. Mtaala lazima upite idarani, upite seneti ya chuo, ufike Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Watamuuliza soko la ajira, vitabu, vyumba na walimu. Kwa walimu ndipo atakapokwama. Utaratibu wa vyuo vyetu unamtaka hata mkufunzi wa ngazi ya chini awe na shahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8. Mzee aliyepiga kanuni miaka 50 na vikundi vya taarab vya Culture au Akhwan Safaa hana GPA yoyote, lakini taksimu yake haimo ndani ya kitabu chochote cha vyuo vya jazi. Profesa wa aina ya Brubeck hatalia juu ya jambo hilo gazetini. Atatafuta mwanya: mkataba wa mpigaji mkaazi, mwalimu wa vitendo, lolote litakaloandikika. Kwa upande wa wanafunzi, Tume ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya skuli, na kijana aliyepiga fidla harusini tangu utotoni asiwe na alama za kidato cha sita ndiye hasa utaratibu huo ulimfikiria.

Pili ni piano. Hili linaonekana dogo kwa asiyekaa pwani. Unyevu na hewa ya chumvi huvimbisha mbao na kushika kutu nyaya, na piano isiyopangwa sauti mara kwa mara inaharibu masikio ya darasa zima. Bajeti ya programu inayosahau fundi wa piano haijaandikwa na mwanamuziki.

Tatu ni jambo la kimuziki lenyewe, na kwangu hili ndilo tamu zaidi. Maqamu kama rasti na bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya vibonye viwili vya piano; kanuni na fidla zinaweza kuzifikia, piano haiwezi. Jazi nayo imejengwa juu ya mafungu ya sauti ambayo piano huyapiga kwa raha. Ukiweka mafungu hayo chini ya rasti ya kweli, vinagombana. Wako wanaokwepa kwa kupiga maqamu zinazokubaliana na piano. Wako wanaonyamazisha piano wakati wa taksimu wakaacha besi peke yake. Wako wanaochukua jazi ile ya miaka ya 1950 na kuendelea ambayo hukaa muda mrefu kwenye njia moja ya sauti bila kubadilisha mafungu haraka, na hiyo kwa kweli ni jirani wa maqamu. Hakuna jibu moja, na chuo kitakacholifanyia kazi swali hili miaka kumi kitakuwa na kitu ambacho Denton na Durban hawana.

Hapo panajibu hofu ya wale wanaosema jazi itaimeza taarab. Taarab yetu haikuzaliwa kisimani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Ukipenda, huyo ndiye mwanafunzi wetu wa kwanza wa muziki aliyelipiwa masomo ng'ambo. Siti binti Saad alirekodi sahani zake Bombay mwaka 1928. Akodiani, fidla na chelo vyote vilikuja na meli. Muziki unaojua kupokea hauogopi mgeni mmoja zaidi. Hata hivyo hofu hiyo si ya kupuuzwa. Programu za jazi duniani zina tabia ya kufanana: vitabu vile vile, nyimbo zile zile, na wahitimu wanaopiga kwa usafi huku huwezi kujua wametoka nchi gani. Dawa yake haitoki kwenye hotuba za utamaduni. Mpigaji wa taarab awe mwalimu kamili mwenye vipindi na mitihani, asiwe mgeni wa kuitwa siku ya sherehe, na mwanafunzi asiyeweza kupiga bashrafu, ule muziki wa taarab wa vyombo vitupu, asihitimu.

Juu ya uhuni na dini, nitasema kidogo. Uhalali wa muziki ni mjadala wa wanazuoni na una wenyewe. Makala hii haina elimu ya kuuingilia. Lakini dhana kwamba darasa la jazi ni klabu ya usiku inatokana na kutolijua darasa hilo. Mwanafunzi anayetakiwa kuihamisha dakika moja ya saksafoni kwenye funguo 12 kabla ya Jumatatu hana usiku wa kuutumia vibaya. Na wazazi wenye hofu juu ya mabinti wawatazame kina mama wa Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu, wanaopiga vyombo wenyewe.

Ajira sasa. Mwenye shahada ya jazi asitegemee kulipwa kwa kupiga jazi peke yake. Hata New York wanaoweza hivyo ni wachache. Anafundisha, anapanga muziki kwa makundi mengine, anarekodi, anasimamia sauti kwenye matamasha kama Sauti za Busara linalofanyika tangu mwaka 2004. Na kwetu kuna hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Hoteli zinalipa, lakini mara nyingi zinataka nyimbo kumi zile zile zinazojulikana na mgeni aliyefika jana. Hapo shahada inamsaidia kwa namna asiyoitarajia: anayejua kubuni anaweza kuupiga wimbo ule ule kila usiku bila ya kuchoka nao.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameshapata barua ya kukubaliwa mahali fulani na hajui aamini nini, maswali ya kuwauliza wahusika ni mepesi, na hayahitaji ujuzi wa nota. Mwanafunzi anapata masomo mangapi ya ana kwa ana kwa wiki, na mwalimu wake ni nani? Kuna bendi ngapi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia kwenye bendi au anasubiri mpaka wa tatu? Chombo ni cha kwake au cha kugombania? Mianzi ya saksafoni, nyaya za besi na ngozi za dramu zinatoka kwenye ada au mfukoni mwenu? Waliomaliza miaka mitano iliyopita wako wapi, na mnaweza kupewa namba ya mmoja wao? Halafu ombeni kukaa nyuma ya chumba siku moja ya mazoezi. Mkikuta mwalimu ameisimamisha bendi nzima kwa sababu mtu mmoja amepotea kwenye kipimo cha 9, na anawarudisha mwanzo bila ya kumtukana, lipeni ada.